Aliyeniokota Jaani

"Shehe, shusha mikono. Mtoto huyu ana mwenyewe, na mwenyewe ni mimi."

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita. Kama ulikuwa na shughuli zako hukusoma, sikulaumu, sogea nikupe kwa ufupi. Mimi ni Kitwana mwana wa Mrisho, wa Bagamoyo. Babu yangu Kibwana alikomba chumvi kwenye majaruba, yale mashamba ya chumvi ya kaskazini ya mji, mpaka akafa. Baba yangu akalishika koleo lile lile, na kila kiangazi magaga ya miguu yake yalikuwa yakitoka damu. Mimi nilisoma. Nilisoma kwa njaa na kwa viboko, hata mwaka ule wa hamsini na moja nikapata nafasi ya Makerere, kule Uganda, wa kwanza katika ukoo wote. Siku ya kuagwa nyumba imejaa, ubani unafuka, shehe ameinua mikono kuniombea safari, akasimama Msabaha, mnyapara wa majaruba, akasema maneno hayo.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Na msinihurumie upesi, huruma zenu wekeni mpaka mwisho.

"Msabaha, una wazimu?" baba akauliza.

"Akili zangu timamu. Nilimwokota jaani mimi. Muulize mkeo."

Watu wote tukageuka kutazama mlango wa ndani, walikokuwa wanawake. Tokea asubuhi sauti ya mama ilikuwa haikauki kwa vigelegele na mizaha. Sasa kimya. Mara tukasikia sinia la halua linaanguka chini, kwangwara!

"Mwanamkasi!" baba akamwita mama.



Shehe akasema kwamba dini haiyajui mambo ya kuokota na kukomboa, ni mila za wazee tu, tusiyatie moyoni. Kisha akatafuta viatu vyake akaenda zake, na dua hakuimalizia. Wageni wakamfuata. Wengine walitoka na vipande vya halua viganjani, maana balaa la mwenzio halikuzuii kula.

Msabaha alikuwa wa mwisho kutoka. Alinitazama tu, akasema, "Nimekaa kimya muda mrefu, mwanangu." Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku hiyo mshindo nikausikia mimi.

Tukaingia chumbani: baba, mama, mimi, na shangazi Mwaija, dada yake baba. Ashatu, mdogo wangu, alikaa kizingitini na kitabu mapajani, kile cha zamani nilichompa mimi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila asubuhi alikuwa akisoma kwa sauti uani, mpaka wapita njia wakaijua nyumba yetu kwa sauti yake. Mwalimu wake alikwisha kumwambia baba, "Mrisho, huyu atampita kaka yake." Na mimi nilijua kuwa mwalimu hasemi uongo.

"Sema," baba akamwambia mama.

Mama akaanza huku anatazama mkeka. "Kabla ya Kitwana nilizika watatu. Unakumbuka, ulichimba wewe. Wazee wakaniambia, Mwanamkasi, kifo kimekwisha kukujua. Ukizaa tena mtupe mtoto jaani, aokotwe na mtu, awe wake huyo mtu. Kifo kikija kikute mtoto hana mama. Baadaye ndiyo unakwenda kumkomboa kwa aliyemwokota, kwa kuku mweupe na pishi ya mchele na ahsante ya mdomoni."

"Hayo nayajua," nikasema. "Ndiyo sababu mkanipa jina la Kitwana, jina la mtumwa. Na aliyeniokota ni shangazi. Nimeambiwa tangu mdogo."

Shangazi akakohoa. Shangazi yangu Mwaija hakuwa mtu wa kukohoa, alikuwa mtu wa kusema.

"Shangazi?"

"Nilichelewa," akasema.

"Ulichelewa wapi?"

"Nilifika nusu ya njia, nikarudi kubadili kanga. Ebo! Mtoto wa kaka yangu nimwokote nimevaa kanga ya jikoni?"

Lo! Mpaka leo nikikumbuka neno hilo sijui nicheke au nilie. Maisha yangu yote yalipinda kwa ajili ya kanga.

"Mimi nimejificha nyuma ya ua wa makuti," mama akaendelea, "namngoja wifi. Badala ya wifi namwona Msabaha huyo, anakwenda kazini. Moyo ukanipasuka. Akasikia kilio, akasimama. Akakupangusa majivu, akakufunika shuka lake, akageuza njia akarudi kwake."

"Kwa mkewe, Biubwa," shangazi akadakia. "Hawakujaliwa mtoto wale. Nilipofika adhuhuri nimemkuta Biubwa amekuogesha, amekutia wanja, anakuimbia. Nikakunyakua."

"Ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Kwamba mnyapara ndiye baba wa mtoto wetu? Yule aliyekuwa akiwasimamisha watu juani mpaka wanazimia? Sikusema kitu."

"Hata ahsante?"

Shangazi akamtazama mama.

Kisha yote yakatoka. Walipika kuku na mchele nyumbani kwa shangazi, shangazi akajifanya ndiye aliyeniokota, mama akajifanya ananikomboa kwake. Wakala wakashiba. Wakaapizana wasimwambie baba, ambaye wakati huo alikuwa Mkange kwa maziko ya mjomba wake.

"Tulikidanganya kifo," mama akasema. "Na kikadanganyika, si unamwona amekuwa mtu mzima? Lakini deni la ahsante limebaki."

Baba alikuwa ameinama. "Kila asubuhi namwamkia mtu yule," akasema polepole. "Ananipa koleo, ananitazama usoni kidogo, halafu ananipa kisogo. Nilidhani ndiyo kiburi chake. Kumbe alikuwa anamtazama mwizi wake."

Akatoka nje, hakurudi mpaka jioni.

Mimi, msomi, nikacheka. Ndiyo, nilicheka! "Mama, hizi ni mila. Sisi shuleni tumefundishwa vijidudu vya maradhi, tumefundishwa mambo ya..."

"Shuleni walikufundisha ndugu zako wamekwenda wapi?"

Nikaacha kucheka.

"Miaka yote umekwenda nchi kavu," akasema. "Sasa unapanda meli, unavuka ziwa lisiloonekana ng'ambo. Mtoto ambaye hakukombolewa havushwi maji makuu, Kitwana. Hilo hata mtoto wa Lugoba asiyeijua bahari atakuambia. Usipokombolewa kwa aliyekuokota, radhi yangu sikupi. Nenda ukitaka. Radhi huna."

Msomaji wa bara huenda akasema, mwanamume mzima amezuiwa na neno la mama? Basi huijui pwani. Mtu akiondoka bila radhi ya mama yake, hata maji anayokunywa njiani hayamshuki. Na lori la Bwana Fakhruddin, lililokuwa likipeleka nazi Dar es Salaam, linaondoka kesho asubuhi. Treni ya Mwanza haimngoji mtu, na meli ndiyo kabisa. Nikikosa, nafasi yangu anapewa mwingine, na mimi nakwenda majaruba nikaote magaga kama baba na babu.

Shangazi akasimama, akajifunga kibwebwe. "Mvurugaji ni mimi, mtengenezaji ni mimi. Tafuteni kuku mweupe."

Kuku akapatikana kwa jirani, jogoo mweupe pepe, mkali, anadonoa watu. Mchele mama akaupepeta mwenyewe. Shangazi akamtia jogoo kapuni, akatoa kanga yake mpya ya doti, akafunika kapu, akakaza fundo mpaka likalia.

"Mbona unakaza hivyo?" nikamwuliza.

"Unataka mji mzima ujue tunakwenda kumpigia magoti Msabaha?"

Tukashika njia. Nyumba ya Msabaha iko mwisho wa mji, pale inapoanza barabara ya Zinga na Dar es Salaam. Jua la alasiri lilikuwa linaunguza kweli. Mwanzo jogoo alikuwa anapigapiga kapuni, shangazi anamkemea, "Tulia, wewe, unakwenda kwenye kheri!" Baadaye akatulia. Shangazi akafurahi.

"Hodi!"

"Karibuni. Nani?"

Bi Biubwa alikuwa amekaa barazani peke yake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe, hayaoni kitu. Shangazi akamtajia majina yetu, nami nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea."

Nikasogea. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa kidevu, akacheka. "Umeota ndevu! Mara ya mwisho nilikuogesha kwenye bakuli."

Ndugu zangu, hapo niliona haya. Nilikuwa nimempita mwanamke yule barazani mwake maisha yangu yote, na sikupata kumwuliza hali.

Msabaha akarudi kutoka msikitini. Nilitegemea ukali, lakini sauti yake ilikuwa ya chini. "Kaeni. Mimi sikutaka kuharibu shughuli ya watu. Lakini nilipoona mji mzima umealikwa kumuaga mtoto huyu, na mke wangu hakuitwa hata kukaa jikoni na wenzake, moyo ulinishinda."

"Tumekosa," shangazi akasema, na nadhani ndiyo mara pekee niliyomsikia akitamka neno hilo. "Tumekuja kukomboa, kwa adabu yake. Mchele huu hapa, na jogoo mweupe. Na ahsante, Bi Biubwa. Ahsante ya siku nyingi."

Uso wa Bi Biubwa ukachanua. "Mlete nimshike mwenyewe."

Akanyoosha mikono. Shangazi akahangaika na fundo, likamshinda, akalifungua kwa meno. Akainua kanga. Akatumbua macho.

"Vipi?" Msabaha akauliza.

Bi Biubwa alikwisha kuingiza mikono kapuni. Akamtoa jogoo, akampakata, akampapasa mbawa. "Mzito, mashaallah," akasema. "Amelala?" Akamgusa shingo, shingo ikaning'inia upande. "Mbona hivi? Mbona shingo yake haina nguvu?"

Msabaha akamwangalia jogoo. Akamwangalia shangazi.

"Mmetuletea kibudu," akasema.

"Wallahi alikuwa mzima! Alikuwa ananipiga mbawa njia nzima!"

"Mara ya kwanza mlimnyakua mtoto bila hata salamu. Mara ya pili mmekuja kumkomboa kwa mzoga. Mwaija, roho ya mtu inakombolewa kwa mzoga?"

"Nitaleta mwingine sasa hivi," nikasema. "Nakwenda mbio."

"Kaa chini. Ungeleta mzima, yangekwisha leo. Mimi mwenyewe ningekupeleka kwenye lori. Sasa hata ukileta ng'ombe, ng'ombe huyo ni wa kufukia aibu ya mzoga huu tu, wewe hakukomboi."

La kuvunda halina ubani. Tukabaki tumekaa, nzi wameanza kumjia jogoo, na Bi Biubwa bado amempakata, hataki kumweka chini. Ndipo akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Kwenu kuna mtoto anasoma kwa sauti asubuhi."

"Ni mdogo wangu, Ashatu."

"Macho yangu yalipokuwa na mwanga nilikuwa nikienda kisimani nasimama nyuma ya ua wenu, namsikiliza. Siku hizi siwezi kufika. Nipeni yule."

"Aje akusomee? Atakuja, mama, hata kila Ijumaa."

"Sisemi kuja. Huyu aende, yule aingie. Mtoto kwa mtoto. Awe wangu, alale hapa, anishike mkono, shule imtoshe ile aliyokwisha soma. Nyumba hii imenyamaza mno, Kitwana. Wewe hujui."

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililonitisha. Msabaha akakubali kwa kichwa. "Kabla ya lori kuondoka," akasema.

Nikasimama. "Ashatu haendi popote. Bora nishike koleo mpaka nife."

"Kama huendi, kesho njoo majarubani, kazi ipo. Na ukienda bila kukombolewa, ujue unakwenda na nini melini."

Shangazi akamtwaa jogoo mikononi mwa Bi Biubwa, tukaondoka mpaka tukafika jaani, jaa lile lile. Akamtupa jogoo pale, akafuta mikono kwa kanga mpya. "Nyumbani tuseme wamekataa kuku," akasema. "La Ashatu tulimeze."

"Tulimeze," nikasema.

Mama aliposikia wamekataa, akaingia ndani akafunga mlango. Baba aliporudi sikumweleza kitu. Nilimwambia tu, "Kesho nakwenda nawe kazini." Akanitazama miguu yangu, laini, haina ufa hata mmoja, machozi yakamtoka. Baba yangu sikuwa nimepata kumwona analia.

Baada ya magharibi Ashatu alitoka kunong'ona na shangazi uani, akaja kukaa karibu nami.

"Kaka, Makerere kuna wasichana?"

"Wapo, wachache."

"Wanasoma nini?"

Nikamweleza nilichokijua, na nilichokuwa sikijui nikakibuni. Alikuwa anasikiliza kwa mdomo wazi.

"Ukirudi utanifundisha yote?"

"Siendi, Ashatu. Hukusikia?"

"Ukirudi," akasema tena. "Utanifundisha?"

"Nitakufundisha," nikasema, ili nimnyamazishe.

Mjinga mimi! Nilisoma vitabu vyote vile, na uso wa mdogo wangu sikuweza kuusoma.

Asubuhi nilivaa shati la kazi. Kabla sijatoka mama akafungua mlango wake, akaja mbio kama msichana, analia na kucheka pamoja. "Vua hilo! Vaa za safari! Msabaha ameridhika!"

"Ameridhika na nini?"

"Mwaija ameamka alfajiri kapeleka jogoo mwingine, wamempokea. Yamekwisha, mwanangu!"

Nikamtazama shangazi. Alikuwa anafunga mzigo wangu, amenipa mgongo. "Ndiyo," akasema. "Wamempokea."

Mama akanyunyiza maji mlangoni, akanishika kichwa. "Radhi nakupa, Kitwana, ya duniani na akhera. Ukavuke salama, ukarudi mtu."

Jamani, nilikuwa nimelala maskini nimeamka tajiri. Sikuuliza zaidi. Mwenye kiu hachungulii mtungini.

"Ashatu yuko wapi nimuage?"

"Kaenda kisimani," shangazi akadakia. "Utamkuta njiani."

Honi ikalia. Baba akanipandisha lorini kwa mikono yake, juu ya magunia ya nazi. Bwana Fakhruddin, aliyekuwa anaendesha mwenyewe, akatoa kichwa dirishani. "Kitwana, shika kamba vizuri. Mimi leo sisimami mpaka Dar." Lori likaondoka, mama anapiga vigelegele, mimi napunga mkono mpaka vumbi likawafunika.

Kisimani hapakuwa na mtu.

Nikaona si kitu. Nikafungua mzigo nitafute kofia, maana jua limeanza kuchoma. Mkono ukagusa kitu kigumu chini ya nguo. Nikakivuta. Kilikuwa kitabu changu cha zamani, kile nilichompa Ashatu, hakikuwa na jalada na pembe zimeliwa. Alikuwa halali bila kitabu kile. Nikakigeuzageuza mikononi.

Kisha nikaisikia sauti.

Ilitoka mbele, mwisho wa mji. Alikuwa hana kitabu, kwa hiyo alikuwa anasoma kwa moyo, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sauti ile ile ya kila asubuhi. Lori likakata kona. Barazani kwa Msabaha alikaa Bi Biubwa, na mbele ya miguu yake Ashatu, amevalishwa kanga mpya ya doti ya shangazi, macho yametiwa wanja. Mikono ya mama yule kipofu ilikuwa juu ya kichwa chake.

Nikapiga paa la lori kwa ngumi. "Simamisha! Bwana Fakhruddin, simamisha!"

Breki zikalia, magunia yakaniangukia. Fakhruddin akatoa kichwa, amekunja uso. "Nini tena? Ukishuka mimi sikungoji, na treni haikungoji pia. Unashuka, au unakwenda?"

Msabaha akatokeza mlangoni, akasimama pale pale.

Ashatu akaacha kusoma. Akasimama barazani, ananitazama, machozi yanachuruzika na wanja yanaingia mdomoni.

"Kaka, usishuke!" akapiga kelele. "Nimekuja mwenyewe! Ukishuka nitakuwa nimekuja bure!"

"Ashatu, soma," Bi Biubwa akasema taratibu, anamtafuta kwa mikono hewani. "Mbona umenyamaza?"

Injini ilikuwa inanguruma, Fakhruddin anangoja jibu, na mguu wangu mmoja ulikwisha kushuka juu ya tairi.